Wapeni Wenye Maumivu Siku Yao

Kila mama wa Kadutu, hapa Bukavu, anajua siku ya CPS, ile ya kupima na kuchanja watoto. Hahitaji tangazo. Siku hiyo anamfunga mtoto mgongoni, anachukua fishi yake, anashuka kilima hadi kituo cha afya. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, analia, anachanjwa, na muuguzi anasema maneno mawili matatu juu ya uji na kuhara. Kila mwenye mimba naye anajua siku ya CPN. Sasa mwulize mama huyohuyo, ambaye kiuno kinamuuma huu mwaka wa tatu: siku ya kiuno ni lini? Atakucheka.

Tusizunguke. Bukavu imejaa watu wanaoishi na maumivu yasiyoisha, na hawana siku, hawana benchi, hawana mtu wa kuwaeleza kinachoendelea ndani ya miili yao. Wana farmasi ya kona, wana jirani, wana mchungaji, wana muuza mizizi. Kila mmoja anatoa jibu lake na majibu hayapatani. Tunachodai ni kidogo hata tunaona haya kukiandika: kila kituo cha afya mjini kitenge nusu siku moja kwa wiki kwa ajili ya wenye maumivu sugu. Benchi lipo. Muuguzi yupo. Kalenda iko ukutani.

Maumivu sugu ni yale yanayodumu, au yanayorudirudi, kwa zaidi ya miezi 3. Orodha ya magonjwa ya OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022 imeyapa nafasi yake yenyewe, kama inavyofanya kwa malaria au kisukari. Kidonda kikipona na kilio kikabaki, kilio hicho nacho ni ugonjwa. Maumivu ya kiuno peke yake yaliwashika watu milioni 619 duniani mwaka 2020, na hakuna ugonjwa unaowalemaza watu wengi zaidi. OMS inakadiria kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Kwa hiyo mama wa Kadutu hayuko peke yake, ila hakuna aliyemwambia.

Sisi tuna neno letu la kumalizia mazungumzo: rimatisme. Rimatisme ni kapu. Ndani yake tumetia goti la mzee, kiuno cha mbebaji, mguu wa mtoto mwenye damu SS, ganzi ya mgonjwa wa kisukari na bega la aliyepigwa risasi miaka ishirini iliyopita. Ukishasema rimatisme, hakuna anayeuliza tena. Na pale kapu linapokosa nafasi, tunaongeza maneno mengine mawili, uzee na kazi. Mtu anarudi nyumbani na neno moja kati ya hayo matatu, na maumivu yake yaleyale.

Shuka asubuhi pale boti za Idjwi na Kalehe zinapotia nanga. Utamwona mama anainama, mwenzake anampandishia gunia la unga wa muhogo mgongoni, yeye anavuta kamba hadi kwenye paji la uso, anakaza shingo, anaanza kupanda. Hatazami mbele, anatazama visigino vya anayemtangulia. Njia ya kwenda sokoni haina hatua kumi za tambarare. Akifika juu analipwa, anashuka, anapanda tena. Jioni bado kuna bidoni la maji la lita 20, yaani kilo 20, maana bomba la kartie limekauka. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na magoti na viuno vya watu wake vinalipa kodi ya vilima hivyo kila siku.

Usiku mama huyo anafungua sashe nyeusi ya dawa. Tuifungue naye. Kuna Indocid, kuna diklofenaki, kuna ibuprofeni, na kuna vidonge vidogo vyeupe vya prednisoloni ambavyo hajui jina lake. Hizo tatu za kwanza ni watoto wa mama mmoja. Kuzimeza pamoja hakuleti nafuu mara tatu. Kinachozidi ni hatari kwa tumbo na kwa figo. Akiwa na presha, zinaipandisha. Akiona choo cheusi kama lami, tumbo linavuja damu. Ile nyeupe nayo, ikimezwa miezi na miezi, inalegeza mifupa, inapandisha sukari na kuvimbisha uso. Majirani wanauona uso umejaa, wanasema mama amenenepa, dawa imemkubali. Kumbe dawa inamla. Na siku akiambiwa ni mbaya akaiacha ghafla, anaweza kuanguka, kwa sababu aliyeimeza muda mrefu hupunguziwa polepole chini ya uangalizi wa dokta.

Nani alipaswa kumwambia hayo? Kila mtu aliyempa kidonge. Nani alimwambia? Hakuna.

Siku nyingine anachomwa sindano ya diklo kwenye tako, anapata nafuu hadi jioni, kesho anarudi. Siku nyingine ananunua mkanda wa kiuno sokoni. Siku nyingine ukoo unachanga apigwe picha ya mgongo, na picha inarudi na neno artrozi. Hapo ukoo mzima unashtuka kana kwamba ni hukumu. Lakini mgongo wa mtu wa miaka 50 kuonyesha kuchakaa ni kama kichwa chake kuonyesha mvi. Wengi wenye picha kama hiyo hawaumwi chochote. Picha ina kazi yake pale dalili zinapodai. Kuipiga ili tu ukoo utulie ni kuchoma pesa.

Kisha kuna karatasi. Mama anatoka hospitali ameshika karatasi iliyoandikwa *lombalgie chronique*. Anaikunja mara nne, anaificha kifuani, anaamini kwamba sasa ugonjwa wake umepatikana. Kumbe hicho ni Kifaransa cha maneno aliyoyasema mwenyewe mlangoni: kiuno kinaniuma tangu zamani. Amerudishiwa sentensi yake katika lugha asiyoisoma. Halafu tunashangaa kwa nini anakwenda kwa muuza mizizi, ambaye angalau anamketisha na kuzungumza naye kwa lugha yao.

Maelezo yanayokosekana si ya chuo kikuu. Yanaingia katika dakika tano, kwa Kiswahili cha nyumbani, hivi. Maumivu ni sentineli wa langoni. Mwizi akija, sentineli anagonga bati, nyumba inaamka, mwizi anakimbia. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini yuko sentineli aliyeibiwa mara nyingi hadi woga ukamwingia, na sasa anagonga bati hata paka akipita. Kelele ni za kweli, anayelala ndani hapati usingizi kweli. Asikwambie mtu kwamba unajifanya. Ila mwizi hayupo tena, na kuongeza kufuli hakumnyamazishi sentineli. Anayemtuliza ni usingizi, ni kutembea na kunyoosha mwili kidogo kidogo bila kuuogopa, ni kazi iliyogawanywa, ni moyo uliopunguziwa hofu, na ni kujua kinachoendelea.

Hatuyatungi haya. Desemba 2023 OMS ilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno kwa ajili ya vituo vya afya vya ngazi ya chini, yaani vile vya kartie zetu. Inachopendekeza ni elimu ya mgonjwa na namna ya kujitunza, mazoezi, kukandwa na kunyooshwa na anayejua, msaada wa kisaikolojia, na dawa za jamii ya ibuprofeni. Isichokipendekeza kama desturi ni mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo, na dawa kali za jamii ya afyuni. Soma tena orodha ya kwanza. Mambo manne kati ya matano hayauzwi kwenye farmasi.

Basi siku yenyewe iwe vipi? Tuseme Jumatano alasiri, wagonjwa wa asubuhi wakishapungua. Watu kumi na wawili, au kumi na watano, wanakaa kwenye mabenchi yaleyale ya CPS. Yupo muuguzi mmoja, yupo reko mmoja, mhamasishaji wa afya wa kartie, anayejua milango ya mtaa, na yupo mgonjwa mmoja wa zamani aliyejifunza kuishi na maumivu yake. Huyo wa mwisho msimsahau, kwa sababu mgonjwa humwamini aliyepita njia ileile.

Kwanza kila mmoja aseme jambo moja aliloliweza wiki hii: nilifua nguo nusu beseni, nikapumzika, nikamalizia nusu ya pili. Nilikwenda misa kwa miguu. Nilimbeba mjukuu. Maumivu yatatajwa, hayana budi, lakini yasipewe kiti cha mbele. Kisha muuguzi aeleze somo moja, moja tu kwa wiki. Leo sentineli. Wiki ijayo namna ya kuinua bidoni kwa miguu na kuliweka karibu na mwili. Wiki nyingine usingizi. Nyingine dawa gani zisichanganywe.

Kisha wasimame wote. Kuinuka kwenye benchi na kukaa, mara kumi, bila kushika. Mikono kiunoni, kujinyoosha nyuma taratibu. Kutembea kuuzunguka uwanja wa kituo. Anayeweza kumi aanze na kumi, anayeweza tatu aanze na tatu, na wiki ijayo nne. Kosa la wengi ni kufanya yote siku nzuri, kisha kulala siku tatu. Ni afadhali nusu beseni kila siku kuliko mabeseni matano Jumamosi na kitanda hadi Jumatano.

Mwisho, mezani, kila mmoja afungue sashe yake. Muuguzi aangalie: hizi mbili ni kitu kimoja, acha moja. Hii umeze ukiwa umekula. Hii si ya mwenye mimba. Parasetamoli ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa mtu mzima kwa siku nzima, usivuke hapo. Hii nyeupe tuandikie dokta. Dakika mbili kwa mtu. Sashe moja ikifunguliwa vizuri inaokoa figo mbili.

Na kila wiki, bila kuchoka, zirudiwe dalili za hatari, kama wimbo wa watoto wa shule. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kutoka bila hiari, miguu kulegea ghafla: hospitali siku hiyohiyo. Homa, kukonda na jasho la usiku pamoja na maumivu ya mgongo: kapimwe kifua kikuu, maana huingia hata kwenye uti wa mgongo. Maumivu makali baada ya kuanguka kutoka kwenye pikipiki au kwenye paa, au kwa mtu aliyewahi kuwa na kansa: usisubiri Jumatano. Mtu anayezijua dalili hizi halali akiogopa kila kichomi, na hachelewi siku ya hatari yenyewe.

Kila mgonjwa awe na kaye ya shule. Ukurasa mmoja kwa wiki: nililala vipi, nilifanya nini, nilimeza nini, nini kilizidisha, nini kilipunguza. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa darasa la nne. Siku akifika mbele ya dokta wa hospitali kuu, badala ya kusema "mwili wote unauma" na kutoka na diklo, atafungua kaye. Dokta mwenye wagonjwa arobaini kwenye foleni hana nafasi ya kuchimba historia ya miaka mitatu, lakini nafasi ya kusoma kurasa mbili anayo.

Tunavijua visingizio. Tumevisikia hadi tumevikariri.

Cha kwanza: pesa hakuna. Pesa gani? Benchi limeshanunuliwa. Uwanja wa kutembea ni wa bure. Kinachokula pesa ni hali ya sasa: sindano baada ya sindano, picha baada ya picha, mkanda juu ya mkanda, na siku za kazi zinazopotea. Wanachama wa mituweli za afya wanalijua hilo kuliko wote, kwa kuwa fedha inayotoka ni ya kwao. Mituweli yenye akili ingekuwa ya kwanza kudai Jumatano hiyo.

Cha pili: wataalamu hawapo. Kweli, wa kine, yaani wataalamu wa mazoezi ya viungo, ni wachache, na wengi wako kwenye hospitali kubwa au sehemu kama Heri Kwetu, inayowahudumia watu wenye ulemavu. Basi wakafundishe wauguzi wa vituo. Vyuo vya ISTM, UCB, UEA na UOB vinamimina wauguzi na madaktari mjini kila mwaka, na wanafunzi wao wanatafuta mahali pa kufanyia stage. Tazameni pia jirani. Uganda, tangu 2004, imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini kwa wagonjwa wa kansa na wengine wenye maumivu makali. Wenzetu wamewaamini wauguzi na morfini. Sisi tunashindwa kuwaamini na benchi na mazoezi?

Cha tatu, na ndicho kipenzi cha wengi: kuna vita. Hatudharau. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, kila nyumba ina hesabu yake ya kilichopotea, na benki zilipofunga milango hata mshahara wa muuguzi uligeuka kitendawili. Lakini Bukavu ina kumbukumbu yake pia. Oktoba 2003 MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, ilianza kutoa ARV, dawa za UKIMWI, hapahapa, wakati wengi duniani wakisema dawa hizo haziwezekani penye risasi. Mwaka uliofuata risasi zikalia, na mwanzoni mwa Juni 2004 waasi wa Nkunda na Mutebutsi wakauteka mji. Wagonjwa walio wengi waliendelea na matibabu yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la PLoS Medicine, dunia ikasoma kwamba Bukavu imeweza. Mgonjwa anayejua dawa yake ni ipi na kwa nini anaimeza, anaweza kukimbia nayo. Asiyejua anakimbia mikono mitupu. Vita ndiyo sababu ya kuwafundisha watu mapema.

Cha nne husemwa kwa sauti ya chini: maumivu ni msalaba, uvumilie. Mwenye kutaka kuvumilia avumilie, na sala ina nguvu yake. Lakini hakuna maandiko yanayomkataza mtu kujua jina la kidonge anachomeza. Mapadri na wachungaji wanaotangaza salongo na chanjo baada ya mahubiri wanaweza kutangaza na Jumatano. Na pale mwenye maumivu ya kila siku anapoanza kunyoshewa kidole cha uchawi, iwe yeye ndiye anayedaiwa kulogwa au kuloga, kiongozi wa dini asiyesema neno ameshasema.

Wapo ambao benchi la watu wote haliwatoshi, nao wasisahauliwe. Watoto wa selimundu, ile tunayoiita SS, huumwa kwa vipindi vikali vinavyotisha nyumba nzima. Mama zao wanahitaji kujua mambo machache ya kushika: maji ya kutosha, baridi iepukwe, homa isilaziwe nyumbani, dawa ya maumivu itolewe mapema badala ya kungoja mtoto apige mayowe, na kwamba ipo dawa iitwayo haidroksiurea inayopunguza vipindi hivyo, dokta aulizwe. Umoja wa Mataifa umeitengea selimundu tarehe 19 Juni. Siku moja kwa mwaka ni ya hotuba. Mtoto anaumwa Machi na Novemba.

Wapo wanawake waliotendewa ukatili wa vita, ambao maumivu ya nyonga na tumbo yamebaki baada ya vidonda kufungwa. Panzi, hospitali aliyoianzisha Dokta Mukwege mwaka 1999, imeonyesha dunia kwamba mwili, akili, sheria na riziki vinatibiwa pamoja. Hatuhitaji kwenda ng'ambo kusoma somo hilo, tulipandishe tu kilima hadi vituo vyetu. Hawa waonwe chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na APS, msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, ambaye hatarudia maneno yao kisimani. Kumpeleka mtu kwa APS au kwenye kituo cha afya ya akili cha SOSAME hakumaanishi kwamba maumivu yake ni ya kichwani. Sentineli aliyeona vita anahitaji pia mtu wa kuzungumza naye.

Na wapo wenye kansa, ambao mazoezi ya benchi hayawafikii. Hao wanahitaji morfini, na hapo dunia imetudhulumu waziwazi. Kamisheni ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zilizokuwa zikigawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Hata hivyo majirani hawakukaa kulia. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na dokta Anne Merriman, na imekuwa ikitumia morfini ya maji, ya kunywa kwa kikombe kidogo, rahisi kutengeneza. Rwanda iliandika sera yake ya tiba shufaa mwaka 2011. Rwanda iko ng'ambo ya daraja la Ruzizi, mtu anavuka kwa miguu asubuhi na kurudi jioni na nyanya zake. Aibu ya kufa kwa mayowe hatua chache kutoka nchi yenye sera haifutwi kwa kusema sisi ni maskini.

Kwa hiyo kila mtu na sehemu yake. Madaktari wakuu wa zoni tatu za afya za mji, Ibanda, Kadutu na Bagira: andikeni barua ya mistari mitano, kila kituo kichague siku yake na kiibandike mlangoni. Wauguzi wakuu wa vituo: msingoje semina yenye posho, anzeni na watu watano. Wenye farmasi: mnajua mnachouza, andikeni juu ya karatasi ya dawa jina lake na "usichanganye na ile", kwa Kiswahili. Radio Maendeleo, inayosikika mjini tangu miaka ya 1990, na wenzake wa redio: nusu saa kwa wiki, muuguzi mmoja, mgonjwa mmoja, simu za wasikilizaji. Mna vipindi vya mpira kila siku, kiuno nacho kina mashabiki wengi.

Wanachama wa AVEC, vile vikundi vya akiba na mikopo, na wa mashirika ya parokia, ninyi ndio wenye kazi nyepesi kuliko wote. Mnakutana kila wiki tayari, mna kaye, mna sanduku, mnajuana. Ongezeni swali moja kabla ya kuhesabu fedha: nani anaumwa kwa zaidi ya miezi 3, na ameshaambiwa nini? Mtakuta kwamba mama aliyekosa mikutano miwili alikuwa amelala chali sakafuni kwa sababu godoro limembonyea, na ninyi mlikuwa mnamtoza faini.

Na wanaume wa mji huu, wenye midomo mirefu ya kusema mke wangu siku hizi ni mvivu: bidoni moja kwa siku halitawavunja. Kumpunguzia mtu kilo 20 ni tiba, na haihitaji ordonansi.

Msomaji, wiki hii utapita mbele ya kituo cha afya cha kartie yako. Ingia, salimu, uliza: siku ya maumivu ni lini? Wakicheka, usikasirike. Rudi wiki ijayo uulize tena, ukiwa na wenzako wanne.